Wagonjwa 600, kaunta buku mbili: tununue programu ipi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni afisa muuguzi, nasimamia kliniki ya kisukari na presha katika kituo cha afya cha shirika la dini, nje kidogo ya mji. Wagonjwa wetu ni kama 600, wote wameandikwa kwenye kaunta buku mbili, na siku za kliniki ni Jumanne na Alhamisi. Wengi wanakuja mara mbili tatu halafu hawaonekani tena, mpaka tunawapokea wameshapooza upande mmoja au kidonda cha mguu kimeoza. Wiki iliyopita kampuni moja ilikuja kutuonyesha programu inayotuma ujumbe wa kukumbusha, inachora grafu, na wanasema ina akili mnemba ya kutabiri nani atazidiwa. Wanataka shilingi 500 kwa kila mgonjwa kwa mwezi. Mtabibu mwenzangu anasema Excel inatosha. Mganga mfawidhi anataka uamuzi kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka yangu aliyeko Maskati ameahidi kututumia vishikwambi viwili. Je, tuchukue programu ipi, na ni kweli itawarudisha hawa wanaopotea?"

Marahaba, dada. Nianze na jibu ili mganga mfawidhi asisubiri: msisaini mkataba mwezi huu. Sina ugomvi na programu, ndizo zinazonilisha. Ila kwa maelezo yako bado hamjui nani kapotea, tangu lini, na nani katika timu yenu ana saa moja kwa wiki ya kumtafuta. Programu yoyote mtakayoinunua kabla ya kujua hayo itawachorea grafu nzuri za watu waliokuja.

Umeuliza pia kama itawarudisha wanaopotea. Yenyewe haiwezi. Mgonjwa anarudi kwa sababu kuna mtu aliyegundua kwamba hayupo, akamtafuta, akasikiliza kilichomzuia, na siku aliporudi akakuta dawa dirishani. Katika hayo yote programu ni hodari kwenye kugundua, inasaidia kidogo kwenye kutafuta, na kwingine kote ni kazi ya watu. Lakini kule kugundua ndiko kulikokwama kwenu, kwa hiyo tukuangalie kwa makini.

Mtu wa malaria analetwa na homa. Mwenye presha ya 170 kwa 100 anaweza kulima, kucheza ngoma harusini na kulala fofofo. Hakuna kinachomuuma kumkumbusha tarehe. Akimeza amlodipini, dawa ya presha, mwezi mmoja akajiona yuko sawa, anaamini amepona. Kisukari nacho kinafanana na hivyo miaka ya mwanzo. Kwa magonjwa haya, mgonjwa aliyenyamaza nyumbani ndiye wa kumhofia, na ndiye ambaye kumbukumbu zenu haziwezi kumwonyesha.

Fungua kaunta buku lako uone. Limepangwa kwa siku: tarehe, jina, presha, sukari, dawa, tarehe ya kurudi. Mzee aliyeko ukurasa wa 41 mwezi Machi, mwezi Aprili yuko ukurasa wa 58, na Mei hayupo. Ila hakuna mstari wowote wa Mei unaosema kwamba hayupo. Ili ujue, inabidi ushike jina lake, upekue kurasa zote za Mei na Juni usilione, kisha uanze upya na jina la pili, mpaka yaishe 600. Nani ana muda huo siku ya kliniki yenye foleni mpaka nje ya mlango? Vitabu vya MTUHA, mfumo wa wizara wa taarifa za huduma za afya, navyo vinahesabu mahudhurio: wangapi walikuja, wangapi walikutwa na nini. Ni kazi halali, wizara inahitaji takwimu hizo, lakini mtu mmoja aliyekuja mara sita na watu sita waliokuja mara mojamoja wakapotea wanaweza kutokea sawasawa kwenye jumla ya mwezi.

Kinachotakiwa ni rejesta ya watu badala ya rejesta ya siku. Kila mgonjwa ana sehemu yake moja, na sehemu hiyo inabeba tarehe anayotarajiwa. Tarehe ikipita bila yeye kuonekana, jina lake lijitokeze lenyewe bila mtu kulitafuta.

Jambo hili si geni kwetu. Kama kituo chenu kina CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, vuka korido ukawaone wenzako. Tangu huduma za matunzo na tiba ya VVU zianze rasmi nchini Tanzania mwaka 2004, wao wana kadi anayokaa nayo mgonjwa, CTC1, na nyingine inayobaki kliniki, CTC2, na taarifa za hiyo ya pili zinaingizwa kwenye kanzidata. Waulize wanavyopata orodha ya waliokosa miadi na nani anawafuatilia. Nchi jirani ya Kenya ilipita njia hiyohiyo: kituo cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa mwaka 2001, na kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana University ulikua mradi wa AMPATH wa huduma za VVU, mmoja wa waliochangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya wazi, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, inayotumika leo katika nchi nyingi. VVU ndivyo vilivyotufundisha kumfuata mtu maisha yake yote. Kwa nini mwenye presha asifuatwe hivyohivyo wakati korido ni moja, sijawahi kupata jibu la kuniridhisha.

Sasa, kabla ya kompyuta, nataka mfanye jambo la sanduku. Usicheke. Nunueni kadi ngumu za manila 600 na sanduku la mbao au la bati linaloingia kadi zikiwa zimesimama. Wekeni vigawanyo 13, kimoja kwa kila wiki ya miezi mitatu ijayo, vikiwa na tarehe kichwani. Kila mgonjwa ana kadi moja: jina la kadi na jina analoitwa mtaani, kitongoji na balozi wake, namba yake ya simu na namba ya pili ya mtu mwingine ikionyesha ni ya nani, pamoja na alama kwamba ameridhia kupigiwa. Chini yake ni mistari ya mahudhurio: tarehe, presha, sukari, dawa, tarehe ya kurudi.

Mgonjwa akija Jumanne unachomoa kadi yake, unaandika, unairudisha nyuma ya kigawanyo cha wiki atakayorudi. Ijumaa saa nane mchana fungua sanduku. Kadi zilizobaki nyuma ya kigawanyo cha wiki hiyo ndio waliokosa. Huhitaji kupekua wala kuhesabu, umezishika mkononi. Programu zote nzuri za kliniki za magonjwa sugu, hata ziwe na rangi gani, ndani yake zina sanduku hili. Tofauti ni kasi, na kwamba kompyuta haichoki kupanga kadi.

Msijaribu kuhamisha wote 600 kwa mkupuo. Andikeni kadi ya kila anayekuja, na kila wiki mtu mmoja ahamishe majina 30 hivi ya wasioonekana kutoka kwenye kaunta buku. Hapo mtakutana na ukweli wenu: waliofariki zamani, walioandikwa mara mbili, waliohamia mjini kwa watoto wao, na kundi ambalo liko kilomita mbili tu kutoka hapo na halina dawa.

Kuna hesabu moja ninayotaka mwizoee kuifanya, maana ndiyo itakayowakinga na grafu za kampuni. Tuseme kwa mfano kwamba kati ya hao 600, wenye presha na waliosajiliwa zaidi ya miezi mitatu iliyopita ni 400. Miezi mitatu hii wamekuja 160, na kati yao 100 wamekutwa chini ya 140 kwa 90. Anayetaka kusifiwa atagawa 100 kwa 160 aseme asilimia 62.5 wamedhibitiwa. Anayetaka kutibu atagawa 100 kwa 400 apate asilimia 25, na atajua kwamba kazi kubwa iko kwa wale 240 ambao hawakuonekana kabisa. Mifumo inayofuata mwongozo wa HEARTS wa Shirika la Afya Duniani inahesabu kwa namna hii ya pili, na humhesabu aliyepita miezi 12 bila kuonekana kuwa amepotea kwenye huduma. Kwa kisukari kanuni ni hiyohiyo, ila kipimo ni sukari ya kabla ya kula chini ya 7.0 mmol/L, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, chini ya asilimia 7 pale maabara inapoweza. Muulize msemaji wa kampuni grafu yake inagawa kwa nini. Akibabaika, umeshajua.

Nirudi kwa mtabibu mwenzako na Excel yake. Hajakosea sana. Jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa na safu ya tarehe ya kurudi, likipangwa kwa tarehe hiyo, tayari ni sanduku. Kwa kliniki ya watu 100, yenye mtu mmoja makini na kompyuta moja, ningelikubali. Tatizo ni watu wawili kuandika kwa wakati mmoja: faili linazaa nakala, "kliniki mpya", "kliniki mpya ya mwisho", "kliniki mpya ya mwisho kweli", na baada ya miezi miwili hakuna ajuaye lipi la ukweli. La pili ni mtu kupanga safu moja bila kuchukua nyingine. Presha za watu zinahama kwa watu wengine na hakuna kengele inayolia. Hilo kwenye duka la vifaa ni hasara ya pesa. Kwenu ni dozi ya mtu.

Ngazi ya juu yake kuna programu za kufuatilia mgonjwa mmojammoja. DHIS2, iliyoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo ambayo halmashauri yenu inapelekea takwimu za MTUHA, na ina sehemu iitwayo Tracker inayoweza kubeba rejesta ya presha na kisukari. Simple, iliyotengenezwa na shirika la Resolve to Save Lives na kutumika India, Bangladesh na Ethiopia, ni ya simu ya mkononi, na naipenda kwa ufupi wake: muuguzi anaskani kadi ya mgonjwa, anaandika presha na dawa, na simu inampa orodha ya waliochelewa pamoja na kitufe cha kuwapigia. OpenMRS ni kubwa zaidi, inabeba faili zima la mgonjwa. Zote tatu hazina ada ya leseni, lakini msidanganyike na neno "bure". Kuna seva, kuna mtu wa kuitunza, kuna mafunzo kila muuguzi anapohamishwa. Kituo kimoja hakipakui tu kikaanza. Zinakwenda vizuri pale halmashauri, dayosisi au mradi unapozibeba kwa vituo vingi.

Mifumo ya hospitali nzima, ya aina ya GoTHOMIS kwenye vituo vya umma, imejengwa kufuata fedha, bima na dawa za leo. Mingi ina historia ya mgonjwa ukimtafuta. Swali ni kama inakuambia wa kumtafuta. Kama kituo chenu tayari kina mfumo wa namna hiyo, kabla ya kununua kingine waulizeni wenye nao kama wanaweza kutoa orodha ya waliopitisha tarehe. Mara nyingi ni kazi ya siku chache kwa fundi, na itawaokoa kuandika mambo mara mbili. Kuandika mara mbili ndiko kunakoua mifumo mingi: miezi miwili ya kwanza watu wanajitahidi, wa tatu kishikwambi kinakaa kabatini.

Kampuni yenu sasa. Shilingi 500 mara 600 ni 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Gawanyeni kwa bei mnayonunulia vipande vya kupimia sukari, mwone ni wagonjwa wangapi wangepimwa. Halafu kuna mtego: mnalipa kwa kila mgonjwa, kwa hiyo kadiri mnavyosajili vizuri ndivyo mnavyoadhibiwa, na aliyefariki ataendelea kulipiwa mpaka mtu akumbuke kumwondoa. Mkikubaliana nao siku moja, ombeni bei ya kituo kwa mwaka.

Waiteni tena, ila safari hii nyie mshike kishikwambi. Mwambie msemaji azime intaneti, kisha msajili mgonjwa. Ikigoma, imekwisha, kwa sababu Alhamisi mtandao ukikatika hamtafunga kliniki. Mpe muuguzi ambaye hajawahi kuiona, aandike mgonjwa wa marudio, na wewe shika saa. Ikizidi dakika moja kwa presha, sukari, dawa na tarehe, zidisha kwa idadi ya wanaokuja Jumanne moja. Tafuta "Fatma Saidi" wakati mmemsajili "Fatuma Said", uone kama inamleta au inakuruhusu kumsajili upya. Nusu ya majina yetu yana tahajia tatu. Jaribu kumsajili bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Programu inayong'ang'ania tarehe kamili itawapa kliniki ambayo wazee wote walizaliwa tarehe 1 Januari.

Kisha andika sukari 126. Hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeona madhara yake. Glukomita, yaani mashine za kupimia sukari, nyingi za kwetu zinasoma kwa mmol/L, lakini ya msaada inaweza kuja ikisoma mg/dL. 126 ya mg/dL ni 7.0 ya mmol/L, yaani unagawa kwa 18. Programu ikikubali 126 kwenye kisanduku cha mmol/L bila kuuliza, au ikikubali 7 kwenye cha mg/dL, itakubali chochote, na wastani wake wote ni takataka. Inatakiwa ikatae, au ishtuke na kukuuliza kipimo. Vivyo hivyo kwenye presha: mtu akiandika 80 juu na 140 chini imsimamishe. Na baada ya mwezi mmoja wa matumizi angalieni tarakimu za mwisho za presha zenu. Zikijaa sifuri, 140, 150, 130, kuna mtu anayekadiria badala ya kusoma mashine, na hakuna programu itakayolitibu hilo.

Mwishowe mwambie akutolee taarifa zote za majaribio kwenye faili unaloweza kulifungua kwa Excel, hapohapo, mbele yako. Akisema hilo ni la kuomba kwa barua, fikirieni siku mtakapotaka kuachana nao. Mkataba useme wazi kwamba taarifa ni za kituo na mtapewa zote mkataba ukiisha.

Kuhusu akili mnemba ya kutabiri nitakuwa mfupi. Kwanza huhitaji utabiri kujua kwamba mwenye 190 kwa 115 ambaye hajaja miezi minne yuko hatarini. Pili, utabiri unalishwa taarifa mlizonazo, na za kwenu bado ziko kwenye kaunta buku. Rudini kwenye mada hiyo baada ya miaka miwili ya kumbukumbu safi.

Ujumbe wa kukumbusha unastahili maelezo zaidi, maana ndio unaouzwa kwa nguvu. Kuna tafiti mbili zinazofaa kuwekwa kando kwa kando. Cape Town, kwenye kliniki moja ya umma, wagonjwa 1,372 wa presha waligawanywa kwenye makundi. Waliopokea ujumbe wa simu kwa mwaka mzima walishusha namba ya juu ya presha kwa takriban mmHg 2 tu kuliko wasiopokea, na walioweza kujibu ujumbe hawakufanya vizuri zaidi ya waliopokea tu. Matokeo hayo yalitoka 2016. Kenya, utafiti uliochapishwa 2010 kwa watu 538 wanaotumia dawa za VVU ulitumia ujumbe wa neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema shida au aliyekaa kimya alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wenzao. Ugonjwa tofauti, kipimo tofauti, siwezi kuzilinganisha kwa mizani moja. Lakini mimi naisoma hivi: wa Kenya walikuwa na mtu upande wa pili wa simu, anayejua kwamba kimya nacho ni jibu.

Kwa hiyo ikiwa pesa ni kidogo, wekeni kwenye salio la kupiga kuliko kwenye ujumbe wa jumla. Mtu mmoja, Ijumaa mchana, orodha ya waliokosa, wenye presha za juu kabisa kwanza. "Shikamoo mama, napiga kutoka kituo cha afya. Naongea na nani?" Usitaje ugonjwa mpaka ujue ni yeye, simu nyingi huko zinatumiwa na nyumba nzima. Mwambie mlimkosa Jumanne, umuulize kilichotokea, kisha unyamaze umsikilize. Andika sababu: nauli, alikosa dawa safari iliyopita, anajisikia mzima, anauguza, amehama, amefariki. Mwezi mmoja wa sababu hizo utakufundisha kliniki yako kuliko grafu yoyote. Aliyefariki mwondoeni kwenye orodha siku hiyohiyo. Hakuna kitu kinachoumiza familia kama simu ya marehemu kupokea "usisahau kliniki yako" wiki tatu baada ya mazishi.

Mkituma ujumbe, uwe hivi: "Habari. Tulikusubiri Jumanne. Karibu Alhamisi saa 2 asubuhi. Kama kuna kikwazo jibu SHIDA, tutakupigia." Umetimia ndani ya herufi 160, kwa hiyo unalipiwa kama mmoja. Fundi akiongeza kikatuni cha uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na mnalipa mara mbili. Na hakuna neno kisukari wala presha humo.

Lakini angalieni dirisha la dawa kabla ya kuanza kupiga simu. Mgonjwa aliyetumia nauli kwa sababu mlimpigia, akafika akaambiwa amlodipini imeisha, hatapokea simu yenu tena. Kadi za sanduku zitawasaidia hata hapa: hesabuni wangapi wako kwenye dawa gani, mtajua oda ya miezi mitatu kwa namba halisi. Na ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu badala ya mwezi mmoja, kama akiba inaruhusu. Hiyo peke yake itapunguza wanaokosa miadi, kwa kuwa miadi yenyewe inapungua.

Vishikwambi vya kaka yako vipokeeni, ila viandikwe kwenye daftari la mali za kituo, viwe na nywila, visitumike kwa mengine, na taarifa zake zifungwe kwa usimbaji ili kikiibwa mwizi apate kioo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwenye kuzikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulizeni mwanasheria wa shirika lenu kama mmeshasajiliwa. Na tafadhali, acheni tabia ya kupiga picha ukurasa wa kaunta buku na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Najua mnafanya kwa nia njema. Majina ya watu kumi na tano na magonjwa yao yameshaondoka mikononi mwenu.

Kuna wagonjwa ambao hawafai kusubiri orodha ya Ijumaa, na hili lisiachiwe kifaa chochote. Presha ya 180 kwa 110 au zaidi ikiambatana na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja ni rufaa ya saa hiyo. Mwenye sukari ya juu anayetapika na kupumua kwa nguvu vilevile. Sukari chini ya 3.9 inatibiwa palepale, kwa kitu cha sukari akiwa na fahamu za kumeza. Watoto na vijana wanaotegemea insulini, wajawazito, na mwenye kidonda cha mguu wawekewe alama nyekundu juu ya kadi. Wakikosa tarehe moja, mtafuteni siku ileile, kwa simu au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wasichanganywe na wale wa miezi mitatu.

Mwambieni mganga mfawidhi awape miezi mitatu. Ikiisha mtakuwa na idadi halisi ya walio hai na wanaoendelea na huduma, sababu za kukosa miadi, na jina la mtu anayepiga simu. Nendeni na karatasi hizo kwa mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza wa halmashauri na kwa ofisa wa TEHAMA, ana kwa ana, muulize kama kuna mfumo unaokuja wilayani au dayosisi nyingine imeshaanza kutumia Tracker. Ofisa huyo aje aone chumba chenu kabla ya kupendekeza: soketi ziko wapi, mtandao upi unashika, umeme unakatika saa ngapi, kishikwambi kitafungiwa wapi usiku. Kampuni ikirudi kabla ya hapo, ipeni kadi kumi za mfano zenye majina ya kubuni na iwaonyeshe nani kakosa wiki hii.